Kamba Hukatikia Pembamba, Springi Hukatikia Kulabuni

Ndugu mafundi, wakufunzi wenzangu, na ninyi wanagenzi mliokaa kule nyuma mkidhani macho yangu hayafiki, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie springi za kuvuta na namna ya kuzichagua. Nilipoambiwa nimepewa saa nzima nilicheka, maana wengi wetu huchagua springi kwa pumzi moja: ile ya zamani mkono wa kushoto, mpya mkono wa kulia, zikifanana tunafunga na kuendelea na kazi nyingine. Nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi, na ndiyo sababu nimekuja na hili debe.

Humu ndani mna springi zilizokatika. Huwa sizitupi. Naomba debe lipite, kila mtu achukue moja, aitazame vizuri, kisha aniambie imekatikia wapi.

Naam? Kwenye kulabu. Na wewe, dada? Kwenye kulabu. Yule bwana pale yake imekatikia katikati ya mwili. Igeuze, utaona tundu dogo la kutu mahali ufa ulipoanzia. Hiyo iliuawa na maji, tuiweke kando. Zilizobaki, karibu zote, zimekatikia pale shingoni, mahali waya unapoacha mzunguko wa mwisho na kupinda kwenda kuwa kulabu.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Sasa chukueni kalipa mpime. Waya wa kulabu na waya wa mwili ni ule ule mmoja, unene ule ule, umetoka kwenye bunda lile lile. Hakuna pembamba hapo. Basi kwa nini unakatikia pale pale kila mara? Swali hilo ndilo mazungumzo yangu ya leo yote.

Tuanze na mwili. Ukiivuta springi, macho yanakuambia waya unanyooshwa. Macho yanakudanganya. Waya wa springi ya mizunguko haunyooshwi, unasokotwa, kama mtu anayekamua nguo iliyolowa. Mkono mmoja unazungusha huku, mwingine unazungusha kule, na nguo inakaza katikati. Kila kipande cha waya mwilini mwa springi kinakamuliwa hivyo, kidogo kidogo, na mikamuo yote hiyo ikijumlishwa ndiyo inayokupa ule urefu unaouona. Ndiyo maana springi yenye mizunguko mingi huvutika sana kwa nguvu ndogo, na yenye mizunguko michache ni ngumu. Kuna watu huchukua springi iliyolegea, wanakata nusu ya mizunguko, wanakunja kulabu mpya kwa koleo. Sawa, imekuwa ngumu, tena ngumu maradufu. Lakini kwa mwendo ule ule wa pedali au wa mlango, kila mzunguko uliobaki sasa unasokotwa mara mbili ya zamani. Umenunua ugumu kwa kuuza uhai.

Kanuni ya ukakamavu wa springi, yaani nguvu inayotakiwa kuivuta milimita moja, mtaikuta kwenye jedwali lolote la ufundi, na ni fupi. Unachukua ugumu wa chuma chenyewe dhidi ya kusokotwa, ambao kwa waya wa piano, ule waya mgumu wa chuma unaotengenezea springi nyingi, ni kama megapaskali 79,300. Megapaskali moja ni nyutoni moja kwa kila milimita ya mraba. Unazidisha kwa kipenyo cha waya kilichopandishwa mara nne, yaani kipenyo kwa kipenyo kwa kipenyo kwa kipenyo. Kisha unagawanya kwa 8, kwa kipenyo cha kati cha mzunguko kilichopandishwa mara tatu, na kwa idadi ya mizunguko. Kipenyo cha kati ni kipenyo cha nje ukitoa unene wa waya mmoja. Wengi hukosea hapo, wanaweka cha nje.

Hayo maneno "mara nne" yasipite hivi hivi. Yana maana kwamba waya ukinenepa kwa asilimia 10 tu, kutoka milimita 2 hadi 2.2, springi inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 46. Kwa jicho huwezi kutofautisha nyaya hizo mbili. Ukishika springi mbili na kusema "zinafanana", umekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo waya unapimwa kwa maikromita, mahali pasipo rangi wala kutu, mara tatu sehemu tatu.

Sasa kuna jambo ambalo springi ya kuvuta inalo na dada yake, springi ya kubana, hana. Wewe kijana, chukua hii hapa, ivute polepole kwa kidole kimoja. Imefunguka? Bado. Ongeza. Bado. Ongeza kidogo… ah, sasa imefunguka. Kile ulichokuwa unapambana nacho kabla mizunguko haijaachana kinaitwa kani ya awali. Mashine inaposokota waya, inausokota kwa namna ambayo mizunguko inakandamizana. Mpaka uishinde ile kani, springi ni kipande cha chuma tu. Ukishaishinda, kuanzia hapo inavutika sawasawa na nguvu unayoongeza.

Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyeiweka kanuni hiyo hadharani katika karne ya 17. Mwaka 1676 aliitangaza kwa fumbo, herufi 14 za Kilatini zilizopangwa kwa alfabeti ili asiibiwe, na mwaka 1678 akalifumbua: kadiri ya mnyooko, ndivyo kadiri ya nguvu. Alikuwa mtu wa kutunza siri kuliko mafundi wa leo wanaoficha vipimo vyao. Kwa springi ya kuvuta, kanuni yake inahitaji nyongeza ya maneno machache: anza kuhesabu baada ya kani ya awali.

Na kani hiyo hupimwa hivi. Hii springi ninayoining'iniza mbele yenu nimeipima jana. Waya milimita 2, kipenyo cha nje 18, kwa hiyo cha kati 16, mizunguko 30. Kwa mizani ya kuvuta, ilipoongezeka milimita 20 mizani ilisoma nyutoni 45.8. Ilipofika milimita 40 ilisoma 71.6. Tofauti ni nyutoni 25.8 kwa milimita 20, yaani nyutoni 1.29 kwa kila milimita. Huo ndio ukakamavu wake, na ukipitia ile kanuni kwa kalamu unapata namba hiyo hiyo. Sasa rudi nyuma: 45.8 ukitoa 25.8 inabaki 20. Hiyo ndiyo kani ya awali. Mtu akikuuliza kwa nini unapima mara mbili wakati mara moja ingetosha, mwonyeshe hesabu hii. Aliyepima mara moja, akachukua 71.6 akagawa kwa 40, atakuambia springi ni ya nyutoni 1.79 kwa milimita. Atanunua nyingine yenye namba hiyo na mashine yake itamkataa.

Kani ya awali haichaguliwi kiholela. Inategemea uwiano wa kipenyo cha kati kwa unene wa waya. Hapa ni 16 kwa 2, yaani 8. Uwiano mdogo, springi nene iliyobanana, hubeba kani kubwa ya awali. Uwiano mkubwa, springi pana ya waya mwembamba, hubeba kani ndogo ya awali. Wasokotaji hupenda kukaa kati ya 4 na 12. Chini ya hapo waya unaumia ukisokotwa, juu ya hapo springi inatatizana kama uzi. Tena baada ya kusokotwa springi hupitishwa kwenye tanuri ili chuma kitulie, na kani ya awali hupungua humo. Kwa hiyo ukiagiza springi useme unataka kani gani ya awali ikiwa imekwisha kutoka tanuri.

Turudi kwenye debe letu. Mwilini, waya unakamuliwa tu. Lakini ukifika kwenye kulabu, nguvu inavuta kutoka katikati ya springi, na waya umekaa pembeni, umbali wa nusu ya kipenyo. Pale waya haukamuliwi tu, unakunjwa pia, kama mtu anayetaka kuufungua mkunjo ule unyooke. Na kama kona ya shingo ni kali, mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila milimita ya mraba ya waya, unakusanyika upande wa ndani wa kona. Hivyo pembamba panaweza kutokea bila waya kuwa mwembamba. Umbo pekee linatosha.

Niwape namba za springi hii hii, ikiwa imevutwa hizo nyutoni 71.6. Waya wa piano wa milimita 2 hukatika kwenye megapaskali kama 2,000. Mwilini, kwa springi isiyofanya kazi usiku na mchana, tunakubali asilimia 45 ya hapo, yaani 900. Mkazo wa mwilini unatoka 432. Hatujafika hata nusu. Kwenye mgongo wa kulabu, ambako waya unakunjwa, tunakubali asilimia 75, yaani 1,500, na mkazo unatoka 827. Tumetumia asilimia 55. Shingoni tunakubali asilimia 40, yaani 800. Kama kona ya shingo ina nusu kipenyo cha milimita 4, mkazo ni 456, asilimia 57. Lakini fundi akiikunja kwa koleo mpaka nusu kipenyo ikawa milimita 2, mkazo unaruka hadi 638. Asilimia 80! Mwili uleule, mzigo uleule, waya uleule. Kilichobadilika ni kona ambayo hata kalipa haiingii.

Nimesema nami nilikuwa nachagua kwa pumzi moja. Basi niwape kisa. Tulikuwa na mashine ya kukata bati, ya kukanyaga kwa mguu, na pedali yake ilirudishwa juu na springi ya kuvuta. Springi ikakatika kulabuni. Nikasema: dhaifu. Nikafunga yenye waya mnene zaidi. Ikakatika, tena mapema kuliko ya kwanza. Nikafunga nene zaidi, na mguu wa mwanagenzi aliyekuwa akiikanyaga ulikuwa ukitetemeka jioni kwa ugumu. Ile ya tatu ilikatika akiwa kazini, kipande cha kulabu kikapita karibu na sikio lake kikagonga kabati la vifaa. Hakuumia. Lakini nilikaa chini siku ile na kalamu, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo.

Kosa langu lilikuwa hili. Pedali haijali nguvu, pedali ina mwendo. Inashuka milimita zile zile kila ikikanyagwa, uwe umefunga springi laini au ngumu. Na kama mwendo haubadiliki, kunenepesha waya kunaongeza mkazo ndani ya waya, hakupunguzi. Waya ukinenepa asilimia 10, kipenyo cha kati na idadi ya mizunguko vikibaki vilevile, mkazo kwa mwendo uleule unapanda karibu asilimia 10 pia, kwenye mwili na kwenye kulabu. Zaidi ya hayo, waya mnene una nguvu ndogo kidogo kwa kila milimita ya mraba kuliko mwembamba wa aina ileile. Nilikuwa nazima moto kwa mafuta. Dawa ilikuwa springi ndefu zaidi, yenye mizunguko mingi, ili mwendo ugawanywe kwa wengi. Na shingo yenye kona pana. Ya nne iliyofungwa hivyo niliiacha ikifanya kazi nilipohama karakana ile.

Kwa hiyo kabla ya yote jiulize: mashine yangu inashurutisha nguvu au inashurutisha mwendo? Mzigo unaoning'inia unashurutisha nguvu. Hapo waya mnene husaidia. Pedali, mlango, mkono wa breki, stendi ya pikipiki, hizo zinashurutisha mwendo, na hapo waya mnene unaweza kuwa adui.

Kulabu zenyewe ziko za namna nyingi, nami sitazipitia zote. Ya kawaida ni mzunguko wa mwisho ulioinuliwa ukasimama katikati. Iko inayotoka pembeni bila kurudi katikati. Kwa hiyo springi huvutwa upande, na sipendi kuiona popote palipo na mzigo wa maana. Bora kuliko zote, kama nafasi inaruhusu, ni ile ambayo mizunguko ya mwisho inapungua upana kama koni, kisha kulabu ya waya mwingine mnene inaingizwa ndani ya ile koni na kuzunguka huru. Pale ule umbali wa kutoka katikati unapungua, mkunjo unapungua, na kulabu haipotoshwi springi ikijizungusha. Ni ghali kidogo kutengeneza. Ni nafuu kuliko sikio la mwanagenzi.

Angalieni pia kulabu inakalia nini. Tundu lililotobolewa kwenye bati jembamba lina ukingo kama kisu. Kila mwendo mmoja unasaga waya, na baada ya muda unaona kijia kimechimbika kwenye kulabu. Hapo sasa pembamba pamepatikana kweli. Weka pini ya mviringo, laini, yenye mfereji wa kukalisha kulabu.

Sasa nifike kwenye tatizo ambalo hata kulabu nzuri hailiponyi. Springi ya kubana ina mwisho wake: mizunguko ikigusana, basi, haiendi tena, imekuwa gogo la chuma. Springi ya kuvuta haina mwisho. Ukiivuta itaendelea kuvutika, na ukipita mpaka wake haikuambii, inanyooka tu na hairudi, au inakatika. Ikikatika, kilichokuwa kimening'inia kiko chini, na ile nguvu yote iliyokuwa imehifadhiwa inatoka kwa kishindo kimoja. Ndiyo maana kwenye milango mikubwa ya gereji inayoinuliwa kwa springi za kuvuta hupitishwa waya wa usalama katikati ya springi, ukafungwa pande zote mbili. Kazi yake ni kushika vipande tu. Nimewahi kuwaona watu wanautoa kwa sababu "unapiga kelele". Jamani!

Hapa ndipo ninapoileta hii nyingine, springi ya drobaa. Njooni karibu kidogo, maana wengi mmeiona bila kuitambua. Jina linatokana na ule mtaimbo wa kuvutia gari au behewa, ambao tangu zamani ulifungiwa springi ili mshtuko wa kuanza safari usivunje kitu. Muundo wake ni wa akili sana. Katikati iko springi ya kubana, ile ya kawaida, mizunguko imeachana. Ndani yake zimepita fito mbili za waya mnene, kila moja imekunjwa kama kibanio cha nywele. Ufito wa kwanza kichwa chake, yaani kitanzi, kinatokeza juu. Miguu yake miwili inapita ndani ya springi mpaka chini, kisha vidole vya miguu vinakunjwa nje kushika mzunguko wa mwisho wa chini. Ufito wa pili ni hivyo hivyo kinyume: kitanzi kiko chini, vidole vimeshika mzunguko wa juu.

Vuta vitanzi viwili viachane. Kitanzi cha juu kinakokota sehemu ya chini ya springi kwenda juu, cha chini kinakokota sehemu ya juu kwenda chini. Mkono wako unavuta, springi yenyewe inabanwa. Endelea kuvuta. Endelea. Sasa imegoma. Mizunguko imegusana, na kuanzia hapa unachokivuta ni mnyororo mfupi wa chuma. Uongeze mzigo kiasi, hainyooki. Hata mwili wa springi ukipasuka, vipande vyake vimefungiwa katikati ya vidole vya fito. Kwa kawaida mzigo utashuka kidogo kwa mshtuko, lakini utabaki juu. Linganisheni na debe langu.

Ndiyo maana bembea, viti vya kuning'inia na vitu vingine vinavyombeba mtu juu ya ardhi huwekewa springi za namna hii. Mtu akiniambia anataka kuning'iniza kitu juu ya kichwa cha binadamu kwa springi ya kuvuta yenye kulabu, simwulizi kani wala mizunguko. Namwambia hapana.

Lakini msitoke hapa mkidhani drobaa ni ya kila mahali. Ni nzito, ni nene, na mwendo wake ni mfupi ukilinganisha na urefu wake, kwa kuwa hauwezi kuzidi ile nafasi iliyo kati ya mizunguko. Vidole vya fito vinasugua mzunguko wa mwisho, na fito zinasugua ndani ya springi, kwa hiyo inataka grisi na inataka kutazamwa. Tena haina ile kani ya awali iliyozaliwa nayo. Ikivutwa kidogo inasogea kidogo, isipokuwa iwe imefungwa ikiwa tayari imebanwa. Palipo na kazi ndogo ya kurudisha mkono wa breki za ngoma mahali pake, kulabu mbili na mizunguko iliyobanana zinatosha kabisa, na drobaa haitaingia hata ukiilazimisha.

Kuichagua drobaa, hesabu inafanana na ya mwanzo, ila mizunguko ya mwisho, mmoja kila upande, haifanyi kazi. Inakalia tu vidole vya fito. Tuchukue waya uleule wa milimita 2, kipenyo kilekile cha kati 16, mizunguko 12 kwa jumla, kumi ndiyo inayofanya kazi. Ukakamavu unatoka nyutoni 3.87 kwa milimita. Ikiwa urefu wake huru ni milimita 62, na ikibanwa kabisa ni 24, mwendo wote ni 38, na itagota, yaani mizunguko yote itagusana, kwenye nyutoni 147. Sasa linalofuata ndilo wauzaji wengi hawalijui ukiwauliza: mkazo wa waya ukiwa umegota ni kiasi gani? Kwa hii ni megapaskali 886, chini kidogo ya ule mpaka wetu wa 900. Nzuri. Ingekuwa na urefu huru wa milimita 80, ingegota kwenye mkazo ambao waya hauuwezi. Ingebanwa siku ya kwanza na isirudi urefu wake. Ile sifa ya kugota salama ni ya kweli pale tu mtengenezaji alipoihesabu.

Springi za kubana zina bahati nyingine hapo. Mtengenezaji anaweza kuzibana mpaka zigote, kwa makusudi, kabla hazijatoka kiwandani, ili waya ukubali kunyong'onyea kidogo na kubaki na mkazo wa ndani unaoisaidia kazi. Baada ya hapo tunaruhusu asilimia 60 hata zaidi badala ya 45. Springi ya kuvuta iliyobanana haiwezi kufanyiwa hivyo kirahisi. Na kwa kazi ya kila siku usitumie mwendo wote. Ishia kama asilimia 80 au 85, ule mwisho uuachie siku mbaya.

Juu ya chuma nitasema machache. Waya wa piano ndio wenye nguvu kuliko wote kwa kazi za kawaida, lakini unashika kutu na haupendi joto la kupita nyuzi kama 120. Stenlesi inavumilia joto zaidi na maji, lakini ni laini zaidi ikisokotwa, megapaskali 69,000 badala ya 79,300. Ukibadilisha springi ya waya wa piano kwa ya stenlesi yenye vipimo vilevile, umepoteza kama asilimia 13 ya ukakamavu bila kugusa kipimo hata kimoja. Na mipaka yake ni midogo: mwilini asilimia 35, shingoni 30.

Kupakwa zinki kwa umeme ndiko kunakonitia wasiwasi. Kwenye mizunguko iliyobanana zinki haiingii kati ya mzunguko na mzunguko, na ndiko maji yanakokaa. Baya zaidi, ile asidi ya kusafishia na ule umeme huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na chuma kinakuwa kama kioo. Springi inaweza kufungwa leo, ikakaa imevutwa bila kusogea, ikakatika yenyewe usiku wa siku ya tatu hakuna mtu karakanani. Dawa yake ni kuokwa kwenye nyuzi kama 190 hadi 220 kwa saa kadhaa, mara tu baada ya kupakwa, si wiki ijayo. Ukinunua iliyopakwa, uliza kama imeokwa. Muuzaji akikukodolea macho, una jibu lako.

Kuna aliyeinua mkono. Ndiyo, mama. Anauliza: springi ya zamani imekatika na imekwisha kunyooka, utapimaje? Swali zuri. Unene wa waya haujanyooka, upime. Kipenyo cha nje kipime kwenye mizunguko ambayo bado imebanana. Hesabu mizunguko yote, hata ya kile kipande kilichoruka. Urefu wa mwili uliobanana ni idadi ya mizunguko ukiongeza mmoja, mara unene wa waya. Kwa ile ya kwetu ni 31 mara 2, milimita 62. Urefu wa springi nzima, kumbuka, unapimwa ndani ya kulabu, si nje. Kisha iache springi, nenda kwenye mashine: pima umbali wa pini mbili mashine ikiwa imetulia, pima tena ikiwa imevuta mpaka mwisho. Hizo namba mbili za mwisho ndizo zinazosahauliwa, na ndizo zinazokuambia springi inaombwa nini. Mwisho tazama sura ya mkatiko kwa kioo cha kukuzia. Ukiona uso laini wenye mistari kama ya fukwe na kipande kidogo chenye chembechembe, hiyo imechoka polepole, mkazo ulikuwa mwingi kwa mizunguko mingi ya kazi. Usirudishe ileile.

Basi nadhani maneno yametosha. Kwenye meza ile kuna jiliwa mbili, mizani ya kuvuta, rula ya chuma, na springi sita, nne za kulabu na mbili za drobaa. Moja kati ya zile nne shingo yake niliikunja mwenyewe kwa koleo jana usiku, vibaya kwa makusudi. Vaeni miwani ya kinga, jigaweni watu wanne wanne, mpime kila moja kwa milimita 20 na 40, mniletee ukakamavu na kani ya awali kwa kalamu. Na asisimame mtu kwenye mstari wa springi inapovutwa, simameni ubavuni. Atakayenitambulia ile niliyoiharibu bila kuivuta, kwa macho na vidole tu, debe hili ni lake.